Kaka Mkuu na Dada Mkuu

Shule ya Tabora ilipofunguliwa, ilikusudiwa wana wa machifu, vijana wa kiume waliotarajiwa kurithi utawala. Huko ukiranja ulikuwa mazoezi ya kutawala, na msichana hakuwamo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mambo ya shamba la shule. Wanafunzi gani? Shule nyingi za mchanganyiko zina kaka mkuu na dada mkuu, vyeo ambavyo kwa jina vinalingana. Lakini mara nyingi kaka ndiye asemaye mstarini kwa niaba ya wote, na dada huachiwa usafi wa mabweni ya wasichana. Hata zamu za kulima hupangwa na mvulana, ingawa majembe wameyashika wote.