Insha ya Maelezo katika Mafunzo ya Ualimu Wilayani Iramba: Chimbuko la Kihistoria la Tatizo la Mwanachuo wa Mwaka wa Kwanza

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, wilaya ambamo pia kipo Chuo cha Ualimu Kinampanda. Sehemu hii inajadili swali moja linalowahusu wanachuo wa vyuo vya aina hiyo: kwa nini mwanachuo wa mwaka wa kwanza, aliyefaulu kidato cha nne, hutatizika kuandika insha ya maelezo kwa Kiswahili, ilhali ni lugha anayoitumia kila siku? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chanzo kikuu cha tatizo hilo ni historia ya lugha ya kufundishia, wala si uvivu wa mwanachuo au upungufu wa Kiswahili chenyewe.

Kuanzia mwaka 1967, mwaka lilipotangazwa Azimio la Arusha na kutolewa andiko la Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za umma. Shule za sekondari ziliendelea kutumia Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike pia katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilithibitisha utaratibu uliokuwapo: Kiingereza katika sekondari, na Kiswahili katika mafunzo ya ualimu ngazi ya cheti.

Matokeo yake ni safari ya kwenda na kurudi. Mtoto wa Iramba, ambaye huenda alianza na Kinyiramba nyumbani, alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kisha akarejea kwenye Kiswahili chuoni ili akafundishe watoto kwa Kiswahili. Katika sekondari maarifa yanayohitaji kufafanuliwa, kama vile ya biolojia na jiografia, aliyapata kwa Kiingereza. Somo la Kiswahili nalo lilimfundisha insha za kisanaa na zisizo za kisanaa, barua, hotuba na risala, lakini halikuwa na wajibu wa kumfundisha kueleza sayansi. Hivyo basi, maarifa yalikaa katika lugha moja na stadi za utungaji katika nyingine.

Chukulia mwanachuo anayetakiwa kueleza kwa nini alizeti hustawi Singida. Anaweza kuanza kwa methali, akaisifu alizeti, kisha akahitimisha kwa kuwahimiza wakulima waongeze bidii. Insha yake itasomeka vizuri, lakini swali halitakuwa limejibiwa. Maelezo yanamtaka aonyeshe kwamba mizizi ya alizeti hupenya chini sana na kufikia unyevu ambao mimea mingi haiufikii, na kwamba jambo hilo lina manufaa katika eneo lenye mvua chache. Kila aya inapaswa kubeba wazo moja, na kila sababu iunganishwe na tokeo lake. Pengine mambo hayo anayajua, ila hajawahi kudaiwa ayaeleze kwa Kiswahili.

Athari za pengo hili haziishii kwenye alama za mwanachuo. Mwalimu asiyeweza kueleza sababu na tokeo kwa maandishi huwaandikia wanafunzi ubaoni orodha ya mambo ya kukariri, nao hukua wakidhani kwamba kueleza ni kuorodhesha. Kwa njia hiyo pengo la sekondari hurithishwa shule ya msingi, mahali ambapo safari ya lugha ilianzia.

Kwa hiyo, somo la utungaji katika mwaka wa kwanza halipaswi kuchukuliwa kuwa marudio ya kidato cha nne. Kazi yake ya msingi ni kumrudisha mwanachuo kwenye maarifa aliyoyapata kwa Kiingereza na kumtaka ayafafanue kwa Kiswahili, aya kwa aya, kabla hajasimama mbele ya darasa.