Lori lililo nyumba: historia ya mazutu kwenye njia za Kisangani

KISANGANI – Kila mara bei ya mazutu inapopanda, swali ni lile lile sokoni, kwenye maegesho ya malori na kwenye vivuko vya Lubunga. Kilometa hazikuongezeka, kwa hiyo kwa nini nauli imeongezeka zaidi ya bei ya lita? Kutoka hapa mpaka Bafwasende ni kilometa 262, jana na leo. Je, tunadanganywa?

Pengine tunadanganywa. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye barabara yenyewe. Injini hailipwi kwa kilometa. Inakunywa kila mlima, kila shimo na kila saa ya kusubiri. Hili si jambo jipya. Katika mji wetu hesabu hii ina zaidi ya miaka mia, na kila kizazi kimeilipa kwa namna yake.

Mwanzo ilikuwa kuni

Mwaka 1890, Joseph Conrad, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu, alifika hapa kwenye Maporomoko ya Stanley akiwa baharia wa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges. Meli za wakati ule hazikujua mazutu. Zilikula kuni. Jioni meli ilifungwa ukingoni, watu wakaingia msituni na mashoka, na asubuhi safari ikaendelea. Baadaye vikawekwa vituo vya kuni kandokando ya mto, na kazi ya kukata ikawaangukia watu wa vijiji, mara nyingi kwa nguvu.

Meli haiwezi kupita maporomoko ya Boyoma. Ndiyo sababu ikajengwa reli ya kilometa 125 mpaka Ponthierville, ambayo leo tunaiita Ubundu. Ilimalizika mwaka 1906, na treni yake nayo ikaendeshwa kwa mvuke. Injini ya mvuke ya aina ile ilipoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya moto wake. Moshi na joto vilikwenda hewani, na mzigo ukasukumwa na kilichobaki.

Kule Ujerumani, mhandisi Rudolf Diesel alitafuta dawa ya hasara hiyo. Injini yake ya mwaka 1897 ilibana hewa mpaka ikawa moto sana, na mafuta yakawaka yenyewe bila cheche. Ilipopimwa, iligeuza karibu asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Hapo ndipo mazutu ilipoanza kushinda kuni. Tena lita moja ya mazutu ina nguvu kidogo zaidi ya lita moja ya esansi. Ndiyo sababu malori na meli kubwa duniani vinaendeshwa kwa mazutu mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilijaribiwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Basi lilitembea vizuri. Mawese ni mali yetu. Yangambi, kilometa mia hivi chini ya mto, palikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa michikichi tangu miaka ya 1930. Lakini mafuta ya petroli yalikuwa rahisi zaidi, na jambo likaishia hapo. Mpaka leo mji uliozungukwa na michikichi unangoja mazutu inayotoka mbali: ya magharibi hupanda mto kutoka Kinshasa, ya mashariki huanzia Mombasa, hupita Uganda, kisha hukata msitu wa Ituri.

Barabara ilijengwa na nani, ikatunzwa na nani

Barabara ya Ituri, ambayo leo ni ya taifa namba 4, ilichongwa wakati wa ukoloni. Ndugu zetu wahami, sikilizeni vizuri hapa. Ili barabara ipate watu wa kuitunza, na ili kodi ikusanywe kwa urahisi, vijiji vingi vilitolewa msituni na kupangwa kwa mstari kandokando ya njia. Yaani hata barabara hiyo ilianza kwa kuwahamisha watu.

Utunzaji wake ulikuwa wa mikono. Kila kipande kilikuwa na kantonye wake, mwenye jembe, sepetu na toroli. Alifukia mashimo yakiwa bado madogo na kuzibua mitaro kabla ya mvua. Kulikuwa pia na vizuizi vya mvua. Mvua ikinyesha, miti ilishushwa, na malori yakangoja mpaka udongo ukauke. Mashofere hawakupenda kungoja, lakini saa hizo chache ziliokoa barabara, na barabara iliokoa mafuta.

Miaka ya 1970 na 1980, serikali ilipoacha kuwalipa makantonye, mitaro iliziba. Maji yakakaa katikati ya njia, lori la kwanza likachimba, la pili likazidisha, na la kumi likazama mpaka kwenye ekseli.

Nyumba zenye magurudumu

Nje ya nchi kuna magari yanayoitwa nyumba za magurudumu. Ndani kuna kitanda, jiko na choo. Wenyewe hubishana sana juu ya mazutu, kwa sababu kitabu cha gari husema hivi na safari husema vile. Gari dogo la aina hiyo barani Ulaya hutumia lita 10 mpaka 12 kwa kilometa 100. Yale makubwa ya Marekani, yenye ukubwa wa basi, hufika lita 30. Adui yao mkubwa ni upepo, kwa sababu magari hayo ni marefu kwenda juu na hukimbia kwenye lami.

Magari ya namna hiyo yalifika mpaka hapa kwetu. Mwaka 1925 msafara wa Citroën kutoka Algeria ulipita Stanleyville na magari manane yenye mikanda badala ya magurudumu ya nyuma. Yale yalikuwa ya esansi, na wakubwa wa msafara walilazimika kutanguliza akiba ya mafuta njiani kabla magari hayajafika. Tangu miaka ya 1970, malori ya Kiingereza aina ya Bedford yalileta vijana wa Ulaya kupitia Bangassou, Bondo na Buta. Wazee wa mji wanakumbuka walivyopiga hema kwenye uwanja wa hoteli Olympia. Wageni wale walijifunza upesi hesabu ya kwetu. Kwenye vivuko vya mito ya kaskazini, chombo kilikuwepo na wafanyakazi walikuwepo, lakini mazutu haikuwepo. Mgeni alitoa lita kutoka kwenye bidoni zake, mara nyingine akaazima na betri, ndipo avushwe. Lita hizo hazikuandikwa kwenye kitabu chochote cha gari.

Lakini nyumba ya magurudumu ya kweli ni lori letu la Ituri. Juu ya magunia kuna mama na watoto, kuku na sufuria. Wakikwama, wanashuka, wanapika, wanalala chini ya lori, wanangoja. Safari ya siku tatu iligeuka wiki tatu, na katika miaka mibaya hata miezi. Mtoni ilikuwa vilevile. Mabaji yaliyosukumwa na meli za Onatra kutoka Kinshasa, kilometa 1,734, yalikuwa kijiji kizima kinachoelea, chenye soko na jiko.

Vita na toleka

Tarehe 15 Machi 1997 mji uliingia mikononi mwa AFDL. Agosti 1998 vita vingine vilianza, na mto kuelekea Kinshasa ukafungwa. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mitaa yetu. Bidhaa zilikuja kwa ndege, na lita ya mafuta ikawa kama dawa.

Hapo ndipo baiskeli ilipouokoa mji. Vijana waliweka kiti cha mto nyuma, wakabeba abiria, mihogo na wagonjwa. Tuliwaita toleka, yaani "tupite". Siku hizi pikipiki zimechukua nafasi yao kwa sehemu kubwa, lakini tusisahau kwamba kulikuwa na miaka ambayo Kisangani ilitembea kwa nguvu ya miguu.

Vita vilipopoa, barabara ya kuelekea Beni ilifanyiwa kazi na malori ya Butembo yakaanza kufika tena. Lakini vipande vinaharibika tena kila msimu, na upande wa Ituri na Beni usalama umekuwa mbaya kwa miaka mingi. Malori hungoja msafara wenye ulinzi, na kungoja nako kuna gharama.

Tuhesabu pamoja

Kwenye lami, tairi za lori huzuiwa na nguvu ya kilo 8 hivi kwa kila tani. Kwenye udongo laini, nguvu hiyo hupita kilo 50. Kwenye potopoto huzidi hapo. Lori la tani 20 linalosukuma kilo 160 kwenye lami linasukuma kilo 1,000 kwenye udongo laini. Upepo hauna kazi hapa, kwa sababu tunatembea polepole. Kinachokula mazutu ni potopoto na gia ya kwanza.

Tuseme lori linatumia lita 35 kwa kilometa 100 kwenye njia nzuri. Kwa safari ya kilometa 750 itakuwa lita 262 hivi. Tuseme njia mbaya inalifanya litumie lita 60. Safari hiyo hiyo ni lita 450. Tofauti inakaribia pipa zima la lita 200, na bado hatujahesabu kukwama. Injini kubwa ikinguruma bila kutembea hunywa karibu lita 3 kwa saa. Siku tano za kukwama, injini ikiwaka saa nne kila siku, ni lita 60, yaani bidoni tatu za lita 20. Na kama lori hilo limebeba mazutu yenyewe, gharama ya lita zilizonywewa njiani inaongezwa kwenye bei ya zile zilizofika.

Mtoni hesabu ni ya mkondo. Tuseme balenyeri inakwenda kilometa 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na mkondo ni kilometa 4. Kushuka itakwenda 14, kupanda itakwenda 6. Kwa umbali uleule, injini itafanya kazi zaidi ya mara mbili wakati wa kupanda. Kwa hiyo nauli ya kupanda kuwa kubwa kuliko ya kushuka si wizi.

Kwa familia zinazofikiria kurudi

Tangu mwaka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umezileta familia nyingi Lubunga na mitaa mingine ya mji. Siku ya kurudi ikifika, wengi watachanga pesa kukodi lori au balenyeri pamoja. Kabla ya kutoa franka, ulizeni haya.

Kwanza, tangi lijazwe mbele yenu mpaka juu, na mkifika lijazwe tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Pili, kubalianeni mapema nani atalipa mazutu ya siku za kukwama au za kungoja msafara. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Tatu, ulizeni kuna mzigo gani mwingine, kwa sababu kila tani inayoongezwa inakunywa, na ninyi ndio mtakaoilipia. Nne, mazutu ya kadhafi wa barabarani itieni kwenye chupa nyeupe muiache itulie. Maji yatashuka chini na mtayaona. Maji hayo huharibu pompu, na pompu ikiharibika porini, lori linakuwa nyumba kweli.

Na kwa sisi tunaobaki mjini: tunapolalamika juu ya bei ya chumvi na sabuni, tuulize pia habari za mitaro. Pipa lile moja linalopotea kwenye kila safari halirudi kwa shofere wala kwa mfanyabiashara. Linalipwa na mama anayenunua kikopo cha chumvi. Kantonye mwenye jembe, akilipwa mshahara wake kwa wakati, angeweza kutuokolea mazutu nyingi kuliko injini yoyote mpya itakayoletwa kutoka nje. Babu zetu walilazimishwa kufanya kazi hiyo. Wajukuu wao wangeifanya kwa mshahara, na wengi wao wako hapa mjini, wanatafuta kazi.

Kutoka Kisangani, ni mimi mwandishi wenu. Safari njema kwa walio njiani.