Arctic Monkeys: si MySpace, ni CD za kuchoma

Kila ukisoma habari za Arctic Monkeys utaambiwa kwamba hii ndiyo bendi iliyotengenezwa na MySpace. Hadithi tamu, lakini si kweli. Wenyewe walipoulizwa walisema ukurasa wao kule ulifunguliwa na mashabiki, na kwamba MySpace yenyewe hawakuijua.

Turudi nyuma kidogo. Krismasi ya 2001, vijana wawili majirani wa High Green, kitongoji cha mji wa Sheffield, walipewa magitaa. Hao ni Alex Turner na Jamie Cook. Mwaka 2002 wakaungana na rafiki zao, Matt Helders kwenye ngoma na Andy Nicholson kwenye gitaa la besi. Tarehe 13 Juni 2003 wakapiga shoo yao ya kwanza katika baa ya The Grapes, palepale Sheffield.

Sasa hapa ndipo penye utamu kwetu sisi watu wa kompyuta. Nyimbo zao za majaribio walizichoma kwenye CD na kuzigawa bure baada ya shoo. CD zilikuwa chache, hazikutosha watu. Basi waliozipata wakazigeuza kuwa MP3 na kuwarushia wenzao kwenye mtandao. Mkusanyiko huo ukaja kuitwa Beneath the Boardwalk, kwa jina la ukumbi ambako Turner alikuwa akiuza vinywaji. Bendi haikumkataza mtu. Muda si muda wakawa wanakwenda miji mingine na kukuta umati unaimba nao neno kwa neno, wala hakuna albamu madukani!

Mwaka 2005 walisaini na Domino, kampuni ndogo inayojitegemea. Oktoba mwaka huo wimbo wao I Bet You Look Good on the Dancefloor ukaingia namba moja Uingereza. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 2006 na kuuza nakala 363,735 katika wiki moja, rekodi ya Uingereza kwa albamu ya kwanza ya bendi. Kumbuka, nyingi ya nyimbo hizo mashabiki walikuwa nazo tayari, bure! Kampuni kubwa za muziki wakati huo zilikuwa zikiwashtaki watu kwa kunakili faili. Sisemi kila anayegawa kazi yake bure atauza hivyo. Nyimbo zenyewe zilikuwa kali.

Nicholson aliondoka 2006, akaingia Nick O'Malley. Baadaye zikaja AM ya 2013, ambayo wengi ndiyo wanayoijua, na The Car ya 2022.

Na MySpace je? Machi 2019 ilikiri kwamba ilipohamisha seva zake ilipoteza muziki uliopakiwa kwa miaka 12, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Beneath the Boardwalk haikupotea. Ilikuwa imetawanyika kwenye kompyuta za mashabiki, nakala juu ya nakala, na hadi leo bado inazunguka.