Dawa ya Nairobi na asali ya Ituri

Kinywaji kiitwacho dawa kilipata sifa katika Carnivore, mkahawa wa nyama choma uliofunguliwa mwaka 1980 kando ya Barabara ya Langata, Nairobi. Mfano wake ni caipirinha ya Brazil: ndimu iliyopondwa na sukari, ikamiminiwa cachaça, pombe kali ya miwa. Nairobi iliweka vodka mahali pa cachaça, ikaongeza asali iliyozungushiwa kijiti. Mnywaji hukoroga mwenyewe, na kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyozidi.

Katika bilauri hiyo vodka ndiyo mgeni wa juzi. Malimau na ndimu vilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia zamani sana. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta ndizi na malimau, na Mogadishu aliandaliwa wali wa samli pamoja na achari ya malimau. Pombe kali ya Ulaya ilizuiwa njiani: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuiingiza katika maeneo ya Afrika ambako ilikuwa haijazoeleka, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta. Nchi yetu ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, iko katikati kabisa ya ukanda huo. Huku kwetu kasiksi, pombe ya ndizi, ndiyo iliyobaki kwenye vibuyu vya wazee.

Asali, basi, tusiichukulie kama pambo. Wambuti wa msitu wa Ituri wamepanda miti mirefu kuifuata vizazi kwa vizazi, wakifukuza nyuki kwa moshi. Mtu wa Beni anayenunua asali ya viwandani huku msitu uko mlangoni anajinyima kilicho bora.

Nyumbani kazi ni fupi. Kata ndimu moja vipande vinne, iponde na kijiko kimoja cha sukari, lakini usisage ganda, litaleta uchungu. Jaza barafu iliyopondwa, mimina vodka mililita 50, kisha chovya kijiti ndani ya asali nzito na ukitumbukize.

Vodka iwe ya chupa iliyofungwa kiwandani. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, isiyojulikana ilikotoka haifai hata tone. Kabale, ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda, waragi, pombe kali ya huko, yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80 mwaka 2010. Anayeogopa pombe aweke maji ya tangawizi yaliyochemshwa, na asali asiipunguze.