Mgonjwa Mjini, Mzima Vitani

Septemba 1916, njia ya kutoka Morogoro kwenda Kisaki, upande wa mashariki wa Uluguru, ilijaa majeshi. Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck walikuwa wakirudi nyuma, Waingereza wakiwafuata, na misheni ya Matombo ilikuwa njiani. Nyuma ya askari walikuja wapagazi, kila mmoja na kilo 25 hivi kichwani.

Wakubwa wa vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliamini kwamba Mwafrika hadhuriki na malaria. Imani hiyo ilikuwa na takwimu zake. Daktari Robert Koch, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, baadaye alipima damu za watu huko Java na New Guinea. Watoto wadogo wengi walikuwa na vimelea, watu wazima wachache. Alieleza vizuri tu: mwili ulioambukizwa mara nyingi tangu utotoni hujenga kinga. Kinga hiyo huletwa na mahali mtu alipokulia, si na rangi yake.

Waliomfuata walichukua walichokitaka. Kwa wapanga miji, damu ya watoto ilithibitisha kwamba Mwafrika ni ghala la malaria. Profesa W.J. Simpson alipozunguka Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1913 na 1914 alipendekeza mitaa itengwe kwa rangi, na uwanja mtupu katikati. Dar es Salaam uwanja wa namna hiyo ulikuja kuwa Mnazi Mmoja.

Vitani hesabu ikageuzwa. Aliyehofiwa kuwa jirani kwa sababu ya vimelea vyake sasa alionekana mzima kuliko wote, wa kubebeshwa mzigo bondeni wakati wa masika.

Tazama wakubwa hao walivyosoma namba za Wazungu. Kikosi cha Second Rhodesia Regiment, chenye watu wapatao 1,000, kilipoteza 36 kwa risasi, lakini kiliandikisha visa 10,626 vya ugonjwa. Mwishoni mwa 1916 wagonjwa kati ya 12,000 na 15,000 walitolewa hospitali za kando ya reli ya kati na kurudishwa Afrika Kusini. Lawama zilikwenda kwa mvua, mbu na posho haba. Haki kabisa.

Mpagazi hakupewa haki hiyo. Wengi walitoka nyanda za juu za Kenya, ambako malaria ilikuwa adimu, hivyo kinga hawakuwa nayo. Walilishwa unga wa mahindi usiosagika vizuri, wakaupika nusunusu baada ya kutwa nzima ya kutembea, na kuhara damu kukawamaliza. Daftari za Waingereza zilihesabu vifo zaidi ya 40,000, na waliopotea porini wengi waliandikwa watoro.

Kambi yao Dar es Salaam, ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ikawa Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Sheria za miaka ya 1920 zilizotenga mitaa ya mji zilikwepa kutaja rangi. Zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila upande. Hata hivyo maboi, wapishi na mayaya waliendelea kulala uani Uzunguni, mtaa wa Wazungu.