Mashine zilizobeba sauti za Ugogo

Muheme si ngoma ya dakika tatu. Akina mama wa Kigogo wakishabana ngoma zao kati ya mapaja, wimbo huenda hadi wenyewe waridhike, sauti moja ikiitikia nyingine na ya tatu ikipita juu yake. Mashine za kwanza za kunasa sauti hazikuwa na nafasi kwa muziki wa namna hiyo.

Fonografu ya Thomas Edison ni ya mwaka 1877. Katika zile zilizotumia silinda za nta, mwimbaji alisogea hadi kwenye pembe, sauti yake ikatikisa utando, utando ukasukuma sindano, nayo sindano ikachimba mfereji kwenye nta. Silinda ilijaa baada ya dakika mbili au nne, na kila iliposikilizwa ililika kidogo. Ilimfaa mwimbaji mmoja au wawili. Duara la waimbaji ishirini lingewezaje kuingia kwenye pembe moja? Hata hivyo sauti za uwanda wa kati zilisafiri mapema: mwaka 1909, Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wake wa nyimbo za Wanyamwezi, alizozisikia kwenye silinda. 

Kisha ukaja wakati wa santuri. Unazungusha mkono mpaka springi ikaze, unaweka sahani, unashusha sindano. Sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, na baada ya dakika tatu hivi unaigeuza. Sahani zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu, na zikianguka zilivunjika kama vigae. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi sahani hizo. Taarabu ikapata santuri zake, lakini ngoma kama muheme hazikutosha katika dakika tatu.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alizunguka Tanganyika na gari lake la kurekodia, akawarekodi pia Wagogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia hii inapogeuka. Tracey alikuwa na tepu ya sumaku na maikrofoni, na jenereta aliliweka mbali, likiunganishwa kwa waya mrefu, ili ngurumo yake isiingie kwenye wimbo. Maikrofoni iliwafuata waimbaji walipokuwa. Haikuwalazimu kubanana mbele ya pembe. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na rekodi za Wagogo zimehifadhiwa humo.

Redio nayo ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania. Tepu zake zilibeba ngoma za mikoani pamoja na bendi za dansi, zikiwemo za Tabora. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda mkoani Dodoma, alikuja kuyafikisha marimba na zeze la Kigogo mbali zaidi: albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003.

Huko Utrecht, Uholanzi, kanisa la kale limegeuzwa makumbusho ya vinanda vinavyojipiga vyenyewe, na mgeni hupigiwa vinanda hivyo avisikie. Hilo ndilo ninaloliombea Dodoma, mji ulioamuliwa kuwa makao makuu tangu 1973 na ambao bado unajengwa. Kati ya majengo hayo mapya itengwe nyumba moja ya mashine za sauti: fonografu, santuri, mashine za tepu, redio za mbao, na rekodi za 1950 zipigwe humo ili wajukuu wa waliorekodiwa wazisikie. Nawe msomaji, ikiwa babu alikuachia santuri au boksi la sahani, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Zifute vumbi, sahani zisimamishe wima mahali pasipo na jua, na uandike ubavuni jina la aliyezinunua.