Hesabu Tatu za Baridi: Ndau, Garissa na Nizwa

Kipimajoto kikitundikwa Ndau mwezi wa saba hakina habari kubwa ya kutoa. Katika visiwa vya Lamu joto la mchana hukaribia nyuzi 32 mwezi wa tatu na wa nne, kisha hushuka hadi nyuzi 28 hivi Julai na Agosti. Mtu wa Limuru akiambiwa kwamba hiyo ndiyo baridi ya pwani, atacheka. Hata hivyo nyuzi hizo chache huambatana na mageuzi yanayougawa mwaka wa mvuvi wa Kibajuni mapande mawili: pande la kutoka nje ya mwamba na pande la kubaki ndani yake. Bara, katika mji mkavu wa Garissa, joto hupungua kwa kiasi kisichotofautiana sana na hicho, lakini mfugaji wa Kisomali anaambiwa jambo jingine. Ng'ambo ya bahari, Nizwa, mji mkavu wa ndani ya Oman, baridi haina hata haja ya kungoja katikati ya mwaka. Huingia Novemba na Desemba, wakati Ndau inajiandaa kwa jua kali la kaskazi.

Ukiziweka hesabu za majira za watu hawa watatu bega kwa bega, utaona kwamba hakuna anayehesabu baridi yenyewe. Kila mmoja anahesabu kile anachoogopa kukikosea. Tena hesabu hizi hazikazwi kwa kiasi kimoja. Palipo na mali ya kugawana, hesabu hufungwa kwa nyota au kwa amri. Palipo na hatari ya kuepuka, huachwa ilegee, na uamuzi wa mwisho akapewa mtu anayetazama mbingu na maji.

Tuanze na upepo, maana Ndau na Garissa wanaugawana. Kusi huanza kuonja pwani mwezi wa nne, pamoja na masika. Kufikia Juni mvua imepungua, upepo umekomaa, na kipupwe kimeingia. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alieleza kwa kina namna upepo huu, kama kilomita moja na nusu juu ya ardhi, unavyobanwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki hadi ukawa mkondo mwembamba wenye kasi kubwa. Mkondo huo huvuka ikweta, hupita juu ya nyika za mashariki ya Kenya na Somalia, kisha hugeukia India, ambako mvua zake hutarajiwa kufika pwani ya Kerala mnamo tarehe mosi Juni.

Garissa iko chini ya njia hiyo, na unyevu unaipita bila kusimama. Upepo unakwenda karibu sambamba na pwani, unatawanyika, wala hakuna mlima wa kuuinua hadi utoe mvua. Ndiyo sababu mji unaopata kama milimita 350 kwa mwaka mzima huweza kukaa kuanzia Juni hadi Septemba karibu bila tone, huku mawingu ya asubuhi yakikimbilia kaskazini na vumbi likifuata nyuma yake. Lamu, kwa upande wake, imekwisha kupata fungu lake kubwa mwezi wa tano. Upepo mmoja unachafua bahari Ndau, unakausha malisho Garissa na kulowesha mpunga India. Baridi ni jambo dogo kabisa kati ya yote unayoyafanya.

Ndau ni kisiwa kidogo kaskazini mwa Pate, kwenye njia ya kwenda Kiwayu na Kiunga. Riziki yake iko kwenye mwamba na nje yake: samaki, na kamba wakubwa wanaojificha katika mashimo ya mawe. Wakati wa kaskazi mkondo wa bahari wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na ule unaopanda kutoka Tanzania karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya. Maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, na samaki nao. Wakati wa kusi mikondo yote miwili hukimbilia kaskazini, mawimbi hupiga mwamba, maji huvurugika, na mzamiaji haoni kitu. Basi kipupwe huwa msimu wa kuvua ndani ya mikono ya bahari, kati ya mikoko, na wa kupandisha vyombo pwani ili vikalafatiwe na kupakwa sifa. Tena ni msimu wa kuangalia jabia, kwa kuwa maji ya visima vya visiwa hivi yana chumvi. Mvua iliyoteremka kwenye sakafu ya jabia hadi tangini wakati wa masika ndiyo itakayowavusha watu mpaka vuli.

Mabaharia wa pwani hii walikuwa na hesabu yao ya kujua wako wapi katika mwaka. Mwaka huanza siku ya Nairuzi na una siku 365, zikihesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na tano za ziada mwishoni. Nahodha aliyetaka kujua wakati wa kung'oa nanga alitaja mwongo, si mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa mwezi mwandamo hauna ahadi na pepo. Hesabu hii ni ya kale na ya mbali. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alipanga misimu ya safari za Bahari ya Hindi kwa siku za Nairuzi, na asili yake ni mwaka wa Wafursi wa kabla ya Uislamu.

Lakini hesabu hii haina siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo husogea nyuma siku moja kila miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Katika zama za ibn Majid Nairuzi ilianguka Novemba, kaskazi ikianza kuvuma. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa imefika mwisho wa Agosti, kusi ikilegea na vyombo vikirudi majini. Leo Makunduchi, Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, bahari ikiwa katika ukali wake. Siku iliyofungua safari imekuwa siku ambayo nahodha mwenye akili hatoki.

Msomaji anaweza kudhani huo ni uzembe wa mabaharia. Historia inasema vingine, kwa sababu kalenda hiyohiyo, ilipoangukia mikononi mwa watoza kodi, ilikazwa. Huko Baghdad kodi ya ardhi ilidaiwa tangu Nairuzi, na siku ilipokuwa ikirudi nyuma mkulima alidaiwa mazao yakiwa bado mabichi shambani. Mwaka 895 Khalifa al-Mu'tadid aliamuru Nairuzi ya kodi isogezwe hadi tarehe 11 Juni, mavuno yakiwa tayari. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, jopo la wanajimu ambalo Omar Khayyam alikuwamo lilifunga mwanzo wa mwaka kwenye siku ya usawa wa mchana na usiku. Ujuzi wa kuitengeneza hesabu ulikuwepo. Mabaharia hawakuuhitaji, maana hakuna mtu anayeng'oa nanga kwa kutegemea tarakimu peke yake. Nahodha alijua kwamba katika maisha yake mwongo wa safari ungesogea kwa siku chache tu, na siku hizo chache upepo wenyewe ungezisahihisha.

Nizwa iko upande wa pili wa jambo hili. Mji huu uko chini ya safu za Hajar, na mitende yake haingoji mvua. Inanyweshwa na falaji, mifereji inayoteremsha maji kutoka mlimani. Falaji Daris ya Nizwa ni mojawapo ya tano za Oman zilizoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Baridi ya mwanzo hapa ni neema: mchana hupoa hadi nyuzi 25 hivi, usiku watu hutoa mablanketi, na chini ya mitende hupandwa ngano, vitunguu na vitunguu saumu. Wanaohesabu kwa jadi ya Kiarabu huanzia kuonekana alfajiri kwa nyota ya Suheli mwezi wa nane. Tangu hapo katika nchi za Ghuba siku huhesabiwa kumi kumi, mafungu 36 na siku tano za ziada, sawa na miongo ya Waswahili, hadi kufika siku arobaini za baridi kali zinazoanza Desemba.

Umbo ni moja; tofauti ni kigingi. Hesabu ya Suheli haiwezi kutangatanga, kwa sababu kila mwaka nyota huirudisha mahali pake. Sababu ya kuihitaji nyota inaonekana kwenye falaji. Maji ya falaji ni mali: hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, huwekwa wakfu kwa msikiti, na fungu la kawaida ni kama nusu saa. Katika vijiji vya ndani ya Oman zamu hizo ziligawanywa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa kuchomoza kwa nyota, mpaka saa za mkononi zilipochukua kazi hiyo katika sehemu nyingi. Anayekosea nyota anamwibia jirani yake. Hata wazamia lulu wa Ghuba, waliokuwa watu wa bahari kama Wabajuni, walikuwa na siku rasmi za kufungua na kufunga msimu, kwa kuwa kila mpiga mbizi alibeba deni la nahodha na kila nahodha deni la mfanyabiashara. Kilichokaza hesabu yao ni deni, hata kama walikuwa majini.

Garissa inasimama katikati ya Ndau na Nizwa. Wasomali hugawa mwaka kwa vipindi vinne: gu ya mvua ndefu, hagaa ya upepo na ukavu, deyr ya mvua fupi na jilaal ya jua kali. Nao pia wana mwaka wa jua unaoanza kwa moto. Dabshid, ambayo wengine huiita Neyruus, huadhimishwa Julai au mwanzo wa Agosti kwa kuwasha moto na kuuruka, na mwaka hupewa jina la siku ya juma ulioanzia. Msomi Muusa Galaal alikusanya elimu hii ya nyota na majira kutoka kwa wafugaji wenyewe, na inaonyesha watu waliohesabu kwa makini makubwa. Lakini hakuna mfugaji anayehamisha ngamia kwa sababu ya tarehe. Kwanza hutumwa watu wa sahan kwenda kuona kama nyasi zipo na maji yapo, na jibu lao ndilo linalohamisha familia. Malisho ya nyikani hayana hati ya kumiliki wala fungu la nusu saa. Kinachoogopwa ni kufika mahali pakavu na mifugo iliyochoka.

Nyota moja inaweza kuzipima hesabu hizi zote. Kilimia hupotea machoni kuanzia mwanzo wa Mei na kurudi alfajiri mwezi wa Juni. Wahenga wa pwani walishika kwamba kikizama wakati wa jua huibuka wakati wa mvua, na kikizama mvuani huibuka juani. Kurudi kwake Juni kunakuta masika yakiisha na kipupwe kikianza. Waarabu wa bara wanalitazama kundi hilohilo la nyota, wakiliita Thuraya, na kwao kuonekana kwake alfajiri ya Juni ni tangazo la joto kali. Ni mpaka lichomoze jioni, mwezi wa kumi na moja, ndipo mchungaji atafute nguo nzito. Nyota haijabadilika, iliyobadilika ni nchi iliyo chini yake.

Mbali zaidi, katika milima ya Andes ya Peru na Bolivia, ambako Juni ni mwanzo wa baridi kavu, wakulima hukitazama Kilimia karibu na tarehe 24 Juni. Kikionekana hafifu, huchelewesha kupanda viazi. Mwaka 2000 Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walionyesha katika jarida la Nature kwamba ufifi huo hutokana na mawingu mepesi ya juu sana yanayoongezeka miaka ya El Niño, miaka ambayo mvua ya kupandia huko hupungua. Hali hiyohiyo ya El Niño huja Garissa kwa sura nyingine: mwishoni mwa 1997 deyr ilifurika, Mto Tana ukameza mashamba, na homa ya Bonde la Ufa ikafuata. Jambo la kujifunza kwa mkulima wa Andes ni kwamba anatumia nyota iliyofungwa kwenye tarehe, lakini haulizi imechomoza lini. Anauliza imechomozaje. Tarehe kwake ni miadi ya kwenda kutazama, na uamuzi unatokana na alichokiona.

Hapo ndipo miongo ya Ndau inapoeleweka. Siku hizi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa onyo kila upepo wa kusi unapotarajiwa kuzidi fundo 25 na mawimbi kupita mita mbili, na onyo hilo hufika kisiwani kwa simu. Ni msaada mkubwa, na kijana anayelipuuza anahatarisha roho za wenzake. Lakini onyo linasema habari ya bahari yote kutoka Kiunga hadi Vanga, na mvuvi anataka kujua habari ya mlango mmoja wa mwamba, saa moja, maji yakiwa yanajaa au yanatoka. Elimu ya kuliziba pengo hilo ndiyo iliyokaa nyuma ya miongo: nahodha alihesabu ili ajue lini aanze kutazama. Kinachopaswa kuhifadhiwa katika urithi huu, basi, si orodha ya siku 365 ambayo imekwisha kusogea miezi minne tangu zama za ibn Majid. Ni watu wanaoweza kusimama ufukoni mwezi wa sita, wakasoma onyo, wakasoma maji, na wakaeleza kwa nini leo viwili hivyo havisemi neno moja. Wazee hao bado wapo katika visiwa vya Lamu. Kituo cha hali ya hewa kinachowapigia simu kabla ya kutoa onyo, badala ya kuwatumia tu likiwa tayari, kitapata kipimo ambacho hakuna setilaiti inayokitoa.